Kidole Kimoja cha Kijivu: Shajara ya Mradi wa Kusoma Ushairi wa Kuungama

Tarehe 11 Januari

Mradi umeanza rasmi leo, tukiwa watu tisa kuzunguka meza mbili zilizounganishwa. Lengo ni kuandaa kijitabu cha Kiswahili kitakachowasaidia wasomaji wa kawaida kusoma mashairi manne ya Kimarekani ya kundi ambalo wahakiki hulitaja kwa jina la ushairi wa kuungama, yaani ushairi ambamo mshairi huonekana kuanika mambo ya siri ya maisha yake: moja la Robert Lowell, moja la Anne Sexton na mawili ya Sylvia Plath. Mistari tutakayoihitaji tutaitafsiri wenyewe. Swali linalotuongoza ni hili: msomaji aambiwe nini kuhusu maisha ya mshairi na historia ya wakati wake, na aambiwe kabla ya kulisoma shairi au baada yake?

Saa nzima ya kwanza imeliwa na jina. Mhakiki M. L. Rosenthal ndiye aliyelipa kundi hili jina mwaka 1959, alipokihakiki kitabu cha Lowell, Life Studies, katika jarida la The Nation, na neno alilolitumia, "confession", linabeba kwa pamoja mambo mawili ambayo Kiswahili hupenda kuyatenga, kwa sababu kwetu mtu huungama dhambi mbele ya padre lakini hukiri kosa mbele ya hakimu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kutumia "kuungama", hasa kwa kuwa Lowell aliwahi kuongoka na kuwa Mkatoliki mwenye ari kubwa, hadi wakili aliyemo katika kundi letu aliponikumbusha kwamba neno hilo limo mahakamani pia. Mtuhumiwa akipelekwa mbele ya mlinzi wa amani, yaani ofisa mwenye mamlaka ya kupokea maelezo kama hayo, anayoyaeleza huko huandikwa na kuitwa maelezo ya ungamo, na kazi ya utetezi baadaye huwa ni kuonyesha kwamba hayakutolewa kwa hiari au kwamba si ya kweli. Neno tumelibakiza, lakini nimeandika pembeni mwa daftari onyo ambalo nadhani litatufuata: padre na hakimu wote wawili humsikiliza asemaye ili wampime, ilhali msomaji wa shairi hajapewa kazi hiyo na mtu yeyote.

Tarehe 25 Januari

Shairi la Lowell, "Memories of West Street and Lepke", limetuonyesha upande rahisi wa kazi, yaani pale ambapo bila historia mstari haufunguki kabisa. Mwaka 1943 Lowell alikataa kuingia jeshini, akamwandikia Rais Roosevelt barua ya kueleza sababu zake, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Kabla ya kupelekwa Danbury, Connecticut, aliwekwa katika jela ya West Street mjini New York, alimokuwamo pia Lepke Buchalter, mkuu wa genge la wauaji wa kukodiwa, ambaye aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1944. Haya yanatosha kwa tanbihi moja fupi, na hakuna aliyebisha.

Ubishi ulikuja kwenye neno moja tu. Lowell, akiwa na umri wa miaka 40, anaiita miaka ya 1950 kuwa ni miaka iliyotulizwa, na kijana wetu wa chuo kikuu alikuwa ameandika "miaka tulivu". Muuguzi mstaafu alikataa papo hapo. Alisema kuwa mgonjwa aliyetulia na mgonjwa aliyetulizwa hulala vitanda vinavyofanana, lakini aliyekesha nao usiku hawezi kuwachanganya. Hapo ndipo tulipohitaji historia ya dawa zaidi ya historia ya vita: vidonge vya kutuliza wasiwasi vya Miltown viliingia sokoni Marekani mwaka 1955 na kuenea majumbani kama pipi, na Lowell mwenyewe alilazwa mara kwa mara kwa ugonjwa wa akili, ikiwemo katika hospitali ya McLean karibu na Boston mwaka 1958. Tumeandika "miaka ya hamsini iliyonyweshwa dawa ya kutulia". Ni ndefu kuliko ya Lowell, lakini ina kijiko mdomoni.

Tarehe 8 Februari

Leo nimefanya kosa lililotugharimu kipindi kizima, na naliandika hapa ili lisirudiwe. Kabla ya kusoma "Daddy" la Sylvia Plath niligawa karatasi ya kurasa mbili juu ya maisha yake: kwamba alizaliwa Boston tarehe 27 Oktoba 1932, kwamba babake, Otto Plath, mhamiaji wa Kijerumani na mtaalamu wa nyuki, alifariki mwaka 1940, kwamba aliolewa na mshairi Mwingereza Ted Hughes mwaka 1956 wakatengana mwaka 1962, na kwamba alijiua mjini London tarehe 11 Februari 1963, akiwa na miaka 30, akaacha watoto wawili wadogo.

Baada ya hapo hakuna aliyesoma shairi. Kila mstari uligeuka kielelezo, na mazungumzo yote yakawa juu ya nani alimkosea nani kati ya mume na mke, mambo ambayo humo ndani ya beti hayapo au yamo kwa kivuli tu. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba shairi zima linalia kwa sauti moja ya "u" kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtoto anayebembelezwa au anayezomea. Wakili alinisuta kwa upole wakati tunakusanya viti: "Mwalimu, umetugawia faili la kesi, halafu unashangaa kwamba tunaendesha kesi."

Tarehe 15 Februari

Kwa kuwa watu wale hawawezi kuyasahau waliyokwisha kuyajua, nimeomba kundi jingine la watu sita, wengi wao wazazi wa wanafunzi wangu wa masomo ya jioni, nikawasomea tafsiri yetu ghafi bila kutaja jina la mtunzi, nchi wala mwaka. Bahati ya Kiswahili ni kwamba mwanzo wa shairi unakubali sauti yake bila kulazimishwa: kiatu, mguu, tu, wangu. Msemaji anamwambia babake kwamba hafai tena, kwamba yeye ni kiatu cheusi ambamo bintiye ameishi kama mguu kwa miaka thelathini, na watu walianza kutikisa vichwa kwa mapigo hata kabla ya kuelewa.

Mwisho ulitupa taabu. Shairi linamaliza kwa tusi, na tafsiri ya kikamusi ingekuwa "mwanaharamu", lakini kwetu tusi hilo humpita baba likamwangukia bibi aliyemzaa, ambaye hana habari. Niliweka "mshenzi wewe", na bado sijaridhika.

Bibi mmoja mshonaji, mkubwa kuliko wote mezani, alisikiliza hadi mwisho, akakunja kipimo chake cha utepe polepole, akasema: "Mwanangu, huyu hana radhi. Mtu akimtukana mzazi aliyekwisha kuzikwa, msamaha atamwomba nani?" Wengine walicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu katika vitabu vingi vya uhakiki nilivyosoma juu ya shairi hili, ni mara chache nimeona jambo hilo limewekwa wazi hivyo. Msemaji anagombana na mtu ambaye hawezi kujibu, wala kusamehe, wala kusamehewa, ndiyo maana sauti yake haiwezi kushuka. Bibi hakuwa ameambiwa tarehe hata moja.

Tarehe 22 Februari

Nimekaa peke yangu na tarakimu. Msemaji anasema alikuwa na miaka kumi walipomzika babake, na kwamba alipofika miaka ishirini alijaribu kufa. La ishirini linalingana na maisha: ni Agosti 1953, na Plath alikuwa na miaka 20. La thelathini pia linakaribiana sana, kwa sababu shairi liliandikwa tarehe 12 Oktoba 1962, siku 15 kabla ya Plath kutimiza miaka 30. La kumi si kweli. Otto Plath alifariki tarehe 5 Novemba 1940, na bintiye alikuwa ametimiza miaka minane siku tisa tu kabla.

Mbele ya mlinzi wa amani hitilafu hii ingetosha kuyatia shaka maelezo yote. Kijana wa chuo, nilipomwonyesha, aliuliza kama labda mshairi alisahau. Siamini kwamba mtoto aliyefiwa na baba wiki moja baada ya siku yake ya kuzaliwa husahau alikuwa na umri gani. Ninachokiona ni ngazi: kumi, ishirini, thelathini. Kila baada ya miaka kumi maiti inagonga mlango, na nane ingevunja hesabu hiyo, na pamoja nayo mapigo ya shairi. Kwa hiyo kuyajua maisha kumetufaa, lakini kwa namna ambayo sikuitarajia, maana hakukueleza mstari. Kumetuonyesha mahali hasa ambapo mshairi aliyaacha maisha yake njiani akaendelea na shairi.

Plath mwenyewe alilisema hili kwa namna yake. Katika maneno ya utangulizi aliyoyaandaa kwa ajili ya kuyasoma mashairi yake BBC, alieleza kwamba anayesema ni msichana ambaye babake alifariki wakati yeye angali anamwona kama Mungu, na kwamba mambo yanazidi kutatanika kwa sababu baba huyo alikuwa mfuasi wa Hitler na mama yake huenda ana asili ya Kiyahudi. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ya mwisho lililowahusu wazazi wake wa kweli. Haya nitayaweka katika kijitabu kwa herufi nene.

Tarehe 1 Machi

Makundi mawili yamekutana, na leo nimetoa habari moja tu ya maisha, nikaficha nyingine zote. Mwaka 1940 Otto Plath alijigonga kidole cha mguu, kidonda kikaoza. Kwa miaka kadhaa alikuwa amedhoofika na kukataa kumwona daktari kwa sababu alijiaminisha kwamba ana saratani, kumbe ni kisukari, ugonjwa ambao insulini yake ilikuwa imekwisha kupatikana tangu miaka ya 1920. Mguu ulikatwa mwezi Oktoba, naye akafariki wiki chache baadaye. Kisha nikasoma tena ubeti ambamo baba ni sanamu kubwa ya kutisha yenye kidole kimoja cha mguu cha kijivu.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine. Bibi mshonaji alisema, kwa sauti ya chini, "Kumbe ni kidonda cha sukari." Akatueleza kuhusu marehemu mumewe: kilianza kwa kiatu kipya cha Idi kilichombana, malengelenge madogo ambayo hakuyasikia kwa sababu mguu ulikuwa umekwisha kufa ganzi, kisha kidole kikabadilika rangi, na yeye akawa anakifunika kwa soksi ili watoto wasikione. Muuguzi mstaafu aliuliza rangi ilikuwaje mwanzoni, bibi akasema kama jivu la mkaa lililomwagiwa maji. Hakuna aliyezungumza tena juu ya ishara na sitiari. Kiatu cheusi cha mstari wa kwanza, mguu ulioishi ndani yake, kidole cha kijivu: vyote vilikuwa vimerudi mahali pake, kwenye mwili wa mtu mmoja mgonjwa katika nyumba yenye watoto wawili.

Bibi hakuifuta kauli yake juu ya radhi. Aliuliza tu kama binti alipelekwa mazikoni. Nilimjibu kwamba hakupelekwa, na kwamba kaburi la babake, huko Winthrop karibu na Boston, alilifikia kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa mtu mzima mwenye mume. "Basi humu ndimo alimomzikia," akasema, akaigonga karatasi kwa kidole chenye tondoo.

Katika daftari la mradi nilikuwa nimegawa habari za maisha katika safu mbili, "muhimu" na "za ziada", na mguu wa Otto nilikuwa nimeuweka katika safu ya pili. Nimeihamisha.

Tarehe 8 Machi

Sasa historia kubwa, na hapa tumekwama kwanza katika jambo la kuchekesha. Rasimu yetu ilikuwa na maneno "baba Mnazi", kwa maana ya mfuasi wa Hitler, na nusu ya meza ikaona mti wa nazi. Tumebadilisha tukaandika "askari wa Hitler", ingawa si sahihi kabisa, na shughuli hiyo bado iko wazi.

Jambo lenyewe ni zito. Otto Plath alizaliwa Grabow, upande wa mashariki wa Ujerumani ya wakati huo, ambao leo ni Poland, akahamia Marekani mwaka 1900 akiwa na miaka 15, miongo mitatu na ushei kabla ya Hitler kushika madaraka. Mwaka 1918 wachunguzi wa serikali ya Marekani walimhoji kwa kumshuku kwamba ana mapenzi na Ujerumani, na hakuna uovu wowote wa kisiasa uliopatikana kwake. Shairi linautaja mji wa Kipolandi uliosagwa na vita, halafu linasema kwamba jina la mji huo ni la kawaida, iko miji mingi yenye jina hilo, kwa hiyo binti hawezi kujua baba alikanyaga wapi. Hili ni kweli tupu juu ya jina Grabow, na ni mfano mzuri wa jinsi mshairi huyu alivyoweza kuokota ukweli mkavu wa ramani na kuufanya kilio.

Lakini anakwenda mbali zaidi, anajilinganisha na Wayahudi waliosafirishwa kwa treni kwenda kuuawa. Wakati ulichangia: Adolf Eichmann, ofisa wa Hitler aliyesimamia usafirishaji huo, alishtakiwa Jerusalem mwaka 1961 na kunyongwa mwaka 1962, na ushahidi wa kesi hiyo ulifika katika redio, televisheni na magazeti kila mahali. Mshairi wa Ireland, Seamus Heaney, alilalamika kwamba shairi hili linajichukulia uhuru mno katika huzuni za watu wengine. Kijana wa chuo alileta mfano ambao wote tunaujua, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972 baada ya mshairi kufungwa kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Msomaji asiyejua habari ya kifungo atalisoma shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi (mti, safari hii) kama ugomvi wa urithi. Anayejua atasikia humo mabishano ya nchi changa. Hakuna, hata hivyo, atakayeuliza kama Abdilatif alikuwa na haki ya kusema juu ya jela, kwa sababu jela ilikuwa yake. Plath aliazima ya wengine.

Mimi nakubaliana na Heaney kwa nusu. Hali ya kihistoria hapa haimtetei mshairi. Inamshitaki, na kijitabu kinapaswa kusema hivyo bila kupaka mafuta. Nusu ya pili ni kwamba msemaji hasemi yeye ni Myahudi. Anasema huenda ni Myahudi, anasema anadhani, na maneno hayo ya kusitasita hayakuwekwa kujaza mizani. Nimepitia tafsiri na kukuta tulikuwa tumeiondoa "huenda" mahali pawili kwa ajili ya wizani. Imerudishwa.

Tarehe 22 Machi

Anne Sexton, kwa ufupi. "For Johnny Pole on the Forgotten Beach", lililomo katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1960, linaomboleza kaka aliyekufa vitani, na wapo waliomsoma wakamhurumia kwa msiba huo. Sexton hakuwa na kaka. Kundi lilikasirika kana kwamba limetapeliwa rambirambi, na hasira hiyo nimeinukuu neno kwa neno kwa ajili ya utangulizi, kwa kuwa inaonyesha jinsi jina "kuungama" lilivyotufanya tudai risiti.

Tarehe 5 Aprili

Shairi la nne ni "Wintering", la Plath, juu ya nyuki wakati wa baridi, lililoandikwa Oktoba 1962, siku chache kabla ya "Daddy". Nililichagua kwa sababu ya mahali pake kitabuni, na leo nimetumia meza nzima kupanga karatasi.

Plath aliacha mswada wa kitabu chake cha mashairi, Ariel, akiwa ameupanga mwenyewe. Mswada huo ulianza na shairi ambalo neno lake la kwanza ni upendo, linalomhusu mtoto mchanga, na ukaishia na "Wintering", ambalo neno lake la mwisho ni majira ya kuchipua, nyuki wakiruka na kuionja hewa mpya. Kitabu kilichotoka London mwaka 1965, kikiwa kimehaririwa na Ted Hughes, kiliacha mashairi kadhaa ya mswada na kuingiza mengine, yakiwemo yaliyoandikwa katika wiki za mwisho za uhai wake, na mengi kati ya hayo yakawekwa mwishoni. Wasomaji wa miaka karibu arobaini walikisoma kitabu kinachoteremka kuelekea kaburini. Mpangilio wa Plath ulichapishwa mwaka 2004, ukiwa na dibaji ya binti yake, Frieda Hughes.

Nilizipanga karatasi kwa njia zote mbili na kuwaomba watu wapite kando ya meza wakisoma mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila shairi. Upande wa 1965 muuguzi mstaafu alisimama kabla ya kufika mwisho, akasema anajua mgonjwa huyu anakwenda wapi. Upande wa pili alifika mpaka kwa nyuki, akauliza kama ni mtu yuleyule. Ni yuleyule, na hakuna mstari uliobadilishwa. Kwa hiyo sio kila muktadha huwa umekaa nje ya kitabu ukisubiri tanbihi. Mwingine hutengenezwa na mkono unaopanga kurasa, na mkono huo ni wa kutajwa jina.

Sitaki kumgeuza Hughes kuwa mshitakiwa, maana tungerudi kule kwenye faili la Februari. Mashairi ya wiki zile za mwisho ni miongoni mwa bora aliyoyaandika Plath, na asingeyachapisha tungemlaumu kwa hilo.

Tarehe 12 Aprili

Mpangilio wa kijitabu umeamuliwa. Kila shairi litasimama peke yake katika ukurasa wa kulia, bila picha na bila tarehe. Ukigeuza ukurasa utakuta habari moja tu, ile ambayo bila hiyo mstari fulani haufunguki: vidonge kwa Lowell, kaka asiyekuwepo kwa Sexton, mguu wa Otto kwa "Daddy", mswada wa 1962 kwa "Wintering". Habari nyingine za maisha na historia zitakaa mwisho kabisa wa kijitabu, pamoja na jedwali la umri wa miaka nane na kumi, na pamoja na malalamiko ya Heaney. Wakili alitaka kifo cha Plath kisitajwe popote. Tumekubaliana kitajwe kwa sentensi moja, ukurasa wa mwisho.

Lililobaki ni ubeti wa kidole. Rasimu inasema "kidole gumba cha mguu, cha kijivu", ambayo ni ndefu mno kwa mstari na inasikika kama cheti cha hospitali. Bibi mshonaji amependekeza "kidole kimoja cha jivu", na nimeijaribu kwa sauti mara tatu jikoni asubuhi hii. Inabeba ile "u" ya mwisho inayohitajika. Nitaipeleka mezani Jumamosi ijayo, ili tuone kama wasiomjua marehemu mumewe watauona mguu au watauona moto.